Vijana na Mabwana wa Kazi: Mafunzo ya Historia katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya neno moja ambalo nimelisikia tangu utoto wangu, na ambalo baba zetu walilisikia kabla yetu. Neno lenyewe ni hili: "Vijana wa siku hizi hawakai kazini." Mwenye mgodi hulisema, mwenye duka hulisema, na mzee aliyemtafutia mwanawe kazi hulisema kwa huzuni, maana kijana alifanya kazi miezi mitano tu, kisha akarudi nyumbani na begi lake.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha walimu, na wengi wa wanafunzi wangu hutoka Shinyanga, Kahama na Geita, nchi ya dhahabu na almasi. Siku moja mmoja wao aliniuliza darasani: "Mwalimu, je, ni kweli ya kwamba sisi hatuna uaminifu kwa waajiri wetu?" Sikutaka kumjibu kwa haraka. Jambo kama hili halijulikani kwa hasira wala kwa kujitetea. Hujulikana kwa kuyatazama yaliyopita. Basi na tuyatazame pamoja, hata tuone ni kitu gani hasa kimfanyacho kijana ashikamane na bwana wake wa kazi, na ni kitu gani kimfanyacho amwache.

WAPAGAZI WA ZAMANI

Tuanze na safari za pwani. Katika karne ya 19, kabla ya reli na kabla ya serikali za kigeni, Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma walijulikana kila mahali kwa kazi ya upagazi. Walichukua pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulipata kilo 30, na safari ilikuwa ya miezi. Walakini vijana waliitamani kazi hiyo. Kwa Wanyamwezi, kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado kuwa mtoto. Aliyekwenda na kurudi alipata heshima, na mali ya kuanzia nyumba yake.

Angalieni sana jambo hili: hapakuwa na sheria iliyowafunga. Walikwenda kwa hiari yao wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamelala. Njiani waligawanyika katika kambi ndogo ndogo za watu waliokula chungu kimoja, wakajenga vibanda pamoja na kumwangalia mwenzao alipougua. Mbele yao alitangulia kirangozi, waliyemtii kwa sababu aliijua njia.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliofika Unyamwezini mwaka 1857, walilalamika sana juu ya wapagazi waliotoroka. Ni kweli, walitoroka. Lakini hawakutoroka ovyo. Aghalabu walikimbia posho ilipopungua, au njia ilipokuwa na vita, au mvua za kulimia zilipokaribia nao wako mbali na kwao. Mpagazi alikuwa na hesabu yake moyoni. Mwenye msafara aliyeijua hesabu hiyo alifika na watu wake. Asiyeijua aliachwa porini na mizigo yake.

CHAMA CHA VIJANA NYUMBANI

Tena tusisahau kazi ya nyumbani. Katika Usukuma kila kijiji kilikuwa na chama cha vijana, yaani basumba, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Mtu mwenye shamba kubwa aliwaomba waje kumlimia. Walikuja kwa ngoma, wakajipanga mstari mmoja, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Malipo yalikuwa ya chama kizima, wakayala pamoja. Kijana aliyechelewa au asiyefika bila sababu alitozwa faini, na wenye kumtoza hawakuwa polisi wala wasimamizi wa kigeni. Walikuwa wenzake mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akikwambia ya kuwa vijana wa nchi hii hawakuijua nidhamu ya kazi mpaka walipofundishwa na wageni, mwambie ajifunze habari za basumba. Nidhamu ilikuwapo, nayo ilikuwa kali. Ila kijana alimjua mkubwa wake, aliijua faida yake, na alikuwa na sauti katika shauri la chama.

KODI, KIPANDE NA SHERIA

Baadaye mambo yaligeuka. Serikali ya Wajerumani ilileta kodi ya nyumba, na kufika mwaka 1905 ililazimu kulipwa kwa fedha. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliiendeleza kodi hiyo, wakaongeza na kodi ya kichwa. Sasa kijana hakutafuta kazi kwa kutaka heshima tu. Alihitaji shilingi za kodi kabla hata hajafikiri juu ya nguo yake mwenyewe.

Ndipo kilipoenea kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa aliandikiwa alama, na siku zote 30 zilipotimia ndipo alipopata mshahara wake. Kwa wale waliokwenda kwa mkataba mbali na kwao, kama wale walioitwa manamba katika mashamba ya mkonge ya pwani, kamba ilikuwa fupi zaidi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1923 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la kushtakiwa. Aliyevunja mkataba wake aliweza kutozwa faini au kufungwa. Mwaka 1926 serikali ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne ili kuangalia hali za wafanyakazi, lakini idara hiyo ilifungwa mwaka 1931, wakati wa upungufu wa fedha duniani.

Je, sheria ile ilileta uaminifu? La. Watu waliendelea kutoroka, na wengine walipokuwa kazini walifanya kipimo cha siku tu, wasiongeze hata jembe moja. Hapa pana fundisho la kwanza. Hofu yaweza kumzuia mtu asiondoke leo, lakini haiwezi kumfanya aipende kazi ya kesho.

MGODI WA GEITA WA ZAMANI

Sasa tuingie katika nchi ya dhahabu. Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Mjerumani mmoja mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa ulikuja baadaye, ukafanya kazi kati ya 1936 na 1966. Katika siku zake ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote ya Afrika Mashariki. Reli ya kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilikuwa imekwisha kufika Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo watu, vyombo na habari za kazi vilisafiri upesi kuliko zamani.

Vijana walikwenda mgodini kwa kusudi lililopimwa. Mzee mmoja jirani yetu, aliyefanya kazi ya migodi katika ujana wake, alinieleza hivi: "Mwalimu, mimi sikwenda kutafuta mgodi. Nalikwenda kutafuta baiskeli na ng'ombe wa mahari. Nilipovipata, mgodi ulikuwa umekwisha kwangu." Wasimamizi wa siku zile waliwaita watu kama yeye wavivu wasiodumu. Lakini yeye hakuwa mvivu. Alikuwa amemaliza shughuli yake.

Tena, huko nyumbani lilikuwako shamba la pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilienea sana Usukumani. Wakulima wakaanza kujiunga wapimiwe pamba yao kwa haki, na mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation chini ya Bwana Paul Bomani. Kijana aliyeweza kupata fedha kwa jembe lake mwenyewe, karibu na mama yake na ng'ombe zake, angewezaje kushuka shimoni mwaka mzima kwa ujira mdogo? Mvua iliponyesha, alirudi kulima. Hapa pana fundisho la pili: mwajiri hashindani na uvivu wa kijana, hushindana na kazi nyingine aliyo nayo kijana. Palipo na jembe lenye faida, kazi ya mshahara haina budi kuwa bora kuliko jembe.

Hata mwaka 1966 ukafika, na mgodi wa Geita ukafungwa. Mtu aliyekuwa ameuamini mgodi kwa maisha yake yote aliachwa na ujuzi aliojifunza tu, kama alijifunza wowote. Likumbukeni neno hili, maana nitalirudia.

MWADUI

Mwaka 1940 Mkanada mmoja, Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba, aligundua almasi mahali paitwapo Mwadui, karibu na Shinyanga. Kwanza alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyochimba almasi Mabuki. Baadaye alitafuta kwa nafsi yake miaka kadhaa, akiugua homa na fedha zikimpungukia. Basi hata huyu bwana mkubwa wa kazi aliwahi kuwa mwajiriwa, kisha akafuata tumaini lake mwenyewe. Mgodi wake ulipata sifa duniani. Mwaka 1947 lilipatikana humo jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, ambalo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa.

Mwadui haukuwa kambi ya wanaume wapweke tu. Ulikua ukawa mji wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maduka na uwanja wa ndege. Mtu aliweza kukaa na mkewe, mtoto wake akasoma, na mgonjwa wake akatibiwa. Kwa sababu hiyo wako waliokaa miaka mingi, na wako waliozaliwa humo wakaja kufanya kazi walikofanya baba zao.

Lakini haifai kusifu upande mmoja tu. Mji ule ulizungukwa na ua wa waya, na wafanyakazi walikaguliwa kwa hofu ya wizi wa almasi. Nyumba zilitofautiana kwa rangi ya mtu na cheo chake. Tena nyumba ilifuatana na kazi: siku mtu alipoacha kazi, alitoka na vyombo vyake. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huo huo mgodi ukanunuliwa na serikali pamoja na kampuni ya De Beers, nusu kwa nusu. Wafanyakazi wakaamka wakiwa na bwana mwingine, hali wao hawakuulizwa neno. Fundisho la tatu ni hili: nyumba, shule na dawa humkalisha mtu kazini kuliko kifungo, lakini mtu akaaye kwa sababu ya nyumba tu anaweza kukaa bila moyo.

SAUTI YA WAFANYAKAZI

Wakati huo huo wafanyakazi walikuwa wakijifunza kusema pamoja. Septemba 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda kwa njia ya reli mpaka bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho moja, na Bwana Rashidi Kawawa alikuwa katibu wake. Baada ya Uhuru wa 1961 kiliwekwa kima cha chini cha mshahara, na mwaka 1964 ikapitishwa sheria ya kuwalinda watu wasifukuzwe ovyo. Mambo hayo yalifanya kazi ya mshahara iwe kazi ambayo mtu aweza kuijengea maisha. Watu walipoona ya kuwa kesho ina uhakika kidogo, hawakuhama kama zamani.

WACHIMBAJI WADOGO NA DUARA ZAO

Sasa nataka tuingie katika duara, kama wachimbaji waitavyo shimo lao la dhahabu. Tangu miaka ya 1980, na hasa baada ya 1990, Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, vijana maelfu walikwenda Nyarugusu, Rwamagasa, Bulyanhulu na mahali pengine. Wengi wao hawakupokea mshahara. Mwenye duara aliwapa chakula na vifaa, na mawe yalipotoka, mifuko iligawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, na fungu la wachimbaji. Desturi hiyo ya mgawo ingaliko.

Je, mmepata kumwona kijana wa duara? Huyu ndiye aliyeambiwa hawezi kukaa kazini. Lakini hushuka shimoni miezi, pengine bila kupata kitu, akala ugali kwa mboga kidogo, asitoroke. Kwa nini? Kwa sababu fungu lake limo katika shimo, naye amewaona wenzake wakipimiwa mifuko yao mchana, mbele ya macho ya wote. Tabia yake ya mgawo ni ile ile ya basumba.

Hata hivyo msidhani ya kuwa nawaita mwende shimoni. Mahali pasipo mshahara, jiwe lisilo na dhahabu halimlipi mtu chochote, na ukuta uangukapo mara nyingi hakuna fidia. Wengine wamezikwa katika mashimo hayo. Nasema tu ya kwamba mgawo ulio wazi una nguvu kubwa juu ya moyo wa kijana, na mwenye hekima atajifunza hapo.

MIGODI MIKUBWA YA ZAMANI ZETU

Mwisho wa karne ya 20 makampuni makubwa yalirudi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo maelfu waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa, na uchungu wa jambo hilo haukusahauliwa upesi. Mgodi mpya wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, mwaka 2009. Kijana wa kijijini akaona mitambo mikubwa kama nyumba, mavazi ya kujikinga na mishahara iliyopita ile ya mwalimu wake. Nimewaona wanafunzi wakiacha chaki kwa ajili ya migodi, wala sikuwalaumu.

Lakini mshahara mkubwa peke yake haukumaliza neno. Oktoba 2007 wafanyakazi wa Bulyanhulu waligoma wakidai mishahara na masharti bora. Kampuni ikasema mgomo haukufuata sheria, na wengi wakapoteza kazi. Mwaka 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, yasipelekwe nje, na katika shida iliyofuata mgodi huo ulipunguza kazi, watu wengi wakarudishwa nyumbani. Ulianza kufufuliwa mwaka 2020. Buzwagi nao ulifungwa mwaka 2021. Tena wengi wa vijana migodini hawaajiriwi na mgodi wenyewe, bali na makampuni madogo yenye mikataba ya muda, na kijana huyu huvaa kofia ile ile na kufanya kazi pamoja na mwenye ajira ya kudumu.

Mwanafunzi wangu wa zamani aliwahi kufanya kazi kwa mkataba wa namna hiyo, katika kampuni moja nisiyoitaja. Kila miezi michache aliambiwa, "Subiri, tutaona kama mkataba utaongezwa." Alisubiri mara tatu. Mara ya nne alipata kazi mahali pengine kwa mshahara mdogo zaidi, akaenda. Mkubwa wake alimwambia, "Vijana hamna shukrani." Nilipomwuliza kwa nini aliondoka, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, kule sikujua kama nijenge au nisijenge."

MANENO YA MWISHO

Basi wasikilizaji wangu, tumetembea njia ndefu, kutoka kwa mpagazi wa 1857 hata kwa kijana huyu asiyejua kama ajenge. Mimi naona wote walikuwa na maswali yale yale moyoni. La kwanza: Je, nitapewa nilichoahidiwa, nami nikione kikipimwa? La pili: Je, nikiumia, au nikiwa na neno la kusema, nitasikilizwa? La tatu, nalo ndilo kubwa: Je, kazi hii ina kesho yangu ndani yake?

Swali hili la tatu ni gumu katika nchi ya madini, kwa maana mgodi wenyewe haudumu. Geita ya zamani ilifungwa 1966, Buzwagi 2021, na kila shimo lina siku yake ya mwisho. Mwajiri amwambiaye kijana, "Kaa nami siku zote," hali anajua ya kuwa jiwe litakwisha, hasemi kweli. Lakini akimwambia, "Kaa nami miaka hii, nami nitakufundisha ufundi wa kuchomelea, wa umeme au wa kutengeneza mitambo, ili siku tutakapofunga uondoke na kitu mkononi," huyo amempa kesho. Kijana wa namna hiyo atafanya kazi kwa moyo hata siku ya mwisho. Ahadi ni deni, nayo humfunga kwanza aliyeitoa.

Nanyi vijana, nina neno moja kwenu. Mpagazi mwema aliyekusudia kurudi kulima hakuutupa mzigo wa mtu porini. Aliufikisha, ndipo akarudi. Ukiona kazi haina kesho yako, una haki ya kuiacha, lakini toa taarifa, rudisha vyombo, umwelekeze atakayeshika nafasi yako. Jina jema utalichukua popote uendapo.

Na ninyi wazee, kijana akirudi na begi lake, msianze kwa kumwita mvivu. Mketisheni, mmpe maji, kisha mmwulize alipimiwa nini huko alikotoka.